Laini Inayokatika Saa Kumi

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na mkasi unakata. Mimi sijambo, ila mafua yaliyonikamata mwezi uliopita yamekataa kuaga.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unajua simu zetu zilivyo. Wewe unapaza sauti kama unaniita kutoka ng'ambo ya mto, wateja wako wote wanachangia maoni, na nikishaweka mkonga chini sikumbuki hata nilichotaka kusema. Hili nataka ulisome ukiwa umekaa.

Baba, nataka kurudi nyumbani. Si kwa likizo. Kurudi kabisa, na kazi yangu mkononi.

Usianze kutikisa kichwa. Kazi yangu unaijua: nakaa mezani kutwa nzima nikitafsiri vitabu vya maelekezo ya majokofu, pasi na pampu za maji, ili mtu akinunua mashine asije akaichomeka kichwa chini miguu juu. Kazi hiyo haihitaji niwe ofisini. Inahitaji kompyuta, kiti kizuri, na njia ya kuleta kitabu kwa Bosi kikiisha. Njia hiyo imepatikana. Ofisi imenunua vifaa viwili vinavyoitwa modemu. Modemu ni kisanduku cha ukubwa wa kitabu cha shule. Kinachukua maandishi na michoro kutoka kwenye kompyuta, kinaigeuza kuwa milio, milio inasafiri kwenye waya ule ule wa simu tunaosalimiana nao, na kisanduku cha pili kinaigeuza tena kuwa maandishi na michoro. Hizi ni za kasi kubwa. Zile za zamani zilikuwa zikitambaa; hizi zinakimbia.

Bosi haamini. Kasema hivi: "Laini za majumbani ziliwekwa watu waulizane hali. Haziwezi kubeba kitabu kizima chenye michoro." Fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Miwani, akabishana naye mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana tufanye jaribio. Ofisi itakutumia kompyuta ya zamani na modemu moja. Nitapiga simu kutoka hapa na kuituma nakala ya kitabu kimoja kizima. Kikifika kwako salama, Bosi ananiruhusu nihamie. Kisipofika, nabaki hapa kwenye chumba hiki ambacho nikifungua dirisha naona dirisha la mwenzangu.

Sipendi kukufikiria ukila peke yako ukitazamana na vioo vya saluni. Niambie umekubali.

Binti yako


11 Februari

Binti yangu,

Marahaba, marahaba tena. Mimi mzima. Goti linalalamika asubuhi tu, likishapata joto linasahau. Hayo mafua yako yafukuze kwa maji ya moto na kulala mapema, wewe mtoto hulali.

Barua yako niliisoma nimesimama, maana kiti alikuwa amekalia mteja. Nilipofika pale uliposema unarudi kabisa, nilimnyoa mzee wa watu upande mmoja zaidi ya mwingine, ikabidi nisawazishe, akaondoka na kipara ambacho hakukiagiza. Hakulalamika sana. Nilimweleza sababu, akanipa mkono.

Nimekubali. Kwa nini nikatae? Chumba chako kipo, kitanda kipo, kiti kizuri nitakitafuta. Laini yetu ya simu ni nzuri, haijapata kuniangusha. Lete hicho kisanduku. Lakini hayo mambo ya milio kubeba michoro unanitania, au huyo Miwani anawatania nyote.

Majirani wanakusalimu. Mama Sindano, yule fundi cherehani wa nyuma ya ukuta aliyekuwa akikushonea sare za shule, anakusalimu sana.

Na kuhusu kula peke yangu, usijitie wasiwasi.

Baba yako


20 Februari

Baba,

Shikamoo. Mafua yameaga. Natumai goti nalo limejirekebisha.

Mzigo umeondoka leo. Kwa kuwa maelekezo ndiyo kazi yangu, nakuandikia kama ninavyowaandikia wanunuzi wa pasi, isipokuwa hapa nimeongeza mapenzi.

Kwanza, usiogope. Kompyuta iweke karibu na simu, mbali na maji ya kunyolea. Waya mwembamba wa kijivu unatoka kwenye modemu kwenda kwenye kitundu cha simu ukutani; wa simu yako utauchomeka nyuma ya modemu. Washa vyote. Taa mbili za kijani zitawaka. Zikiwaka, kazi yako imekwisha. Nasema tena kwa herufi kubwa za moyoni: imekwisha. Usibonyeze kitu.

Nitapiga Jumatano saa tisa mchana, kwa sababu najua Jumatano wateja ni wachache. Simu italia mara moja au mbili, modemu itapokea yenyewe. Utasikia mluzi mkali, halafu kitu kama mtu anayekwaruza sufuria, halafu kimya. Huo mluzi ni visanduku viwili vinasalimiana na kupatana kasi. Viache. Wewe kaa, soma gazeti, nyoa mtu.

Binti yako


2 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Utanisamehe kwa lililotokea Jumatano.

Mzigo ulifika vizuri. Nimeuweka pembeni ya kioo cha pili, nikaufunika na ile nguo nyeupe ninayowavisha wateja, vumbi la nywele lisiingie. Kila anayeingia anauliza kama ni mashine mpya ya kunyolea. Mmoja aliomba awe wa kwanza. Waya niliunga kama ulivyosema na taa mbili zikawaka kijani. Nilijiona mkubwa.

Saa tisa ikafika. Simu ikalia. Mwanangu, mimi nimekuwa na simu ile tangu wewe unatambaa, na haijapata kulia mbele yangu nisiipokee. Mkono ulikwenda wenyewe. Niliinua, nikasikia kitu kinanipigia mluzi sikioni, nami kwa adabu niliyolelewa nayo nikasema, "Hujambo, hapa ni saluni." Kikapiga mluzi tena. Nikakiuliza kinamtaka nani. Kikanyamaza, kikakata.

Ukapiga mara ya pili. Sasa nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu, naapa. Aliyepokea ni mwalimu mstaafu, mteja wangu wa kila wiki, aliyeona simu inalia na mwenye nyumba amekalia mikono. Alidhani nimepatwa na kiharusi.

Jaribu tena. Nimewaonya wote.

Baba yako


9 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini, watu wamevunjika mbavu. Miwani anasema wewe ndiye mtu wa kwanza anayemjua aliyeiuliza modemu inamtaka nani. Hata Bosi alicheka, na Bosi hachekagi, anapumua kwa nguvu tu.

Hilo la kwanza amelisamehe. Tunajaribu tena Jumatano ijayo, saa ile ile. Niliyotaka kutuma ni nakala ya kitabu cha jokofu, kina michoro mingi, kinahitaji muda. Tafadhali baba, mikono mfukoni.

Binti yako


20 Machi

Binti yangu,

Hatujambo. Mvua imenyesha na wateja wamepungua, nywele za watu nazo huwa zinasubiri jua.

Nimeona! Mwanangu, nimeona kwa macho yangu. Simu ililia, nikatia mikono mfukoni, mwalimu mstaafu naye akatia yake. Kisanduku kikapokea. Kikapiga mluzi, mwenzake akajibu, wakakwaruzana kidogo kama mafahali wanaopimana, kisha wakatulia. Taa ya tatu ikaanza kupepesa haraka haraka. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea namba inayopanda, inapanda, na mimi nikajua hapo ndipo kitabu chako kinapita, ukurasa kwa ukurasa, kwenye waya ule ule tuliokuwa tukimjulia nao hali marehemu shangazi yako. Tulisimama wote tukitazama. Mteja niliyekuwa nimempaka sabuni alisimama nayo shavuni.

Halafu pa! Ikakatika. Kioo kikabaki kimeganda. Wengi walisikitika kuliko walivyosikitika timu yao ikifungwa.

Sijui ni nini. Labda panya. Panya wa siku hizi wanapenda waya.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole kwa mvua.

Jumatano iliyofuata tulijaribu tena kama unavyojua, na ikakatika tena. Sasa nisikilize vizuri. Miwani huweka kumbukumbu za kila tunachotuma, na mara zote mbili laini imekatika saa kumi. Si kabla, si baada. Mara zote mbili, sekunde chache kabla ya kukatika, skrini yangu ilijaa takataka: herufi zilizopinda, alama za mshangao, maswali, kama mtu aliyekalia kibodi.

Panya hawana saa, baba.

Miwani anasema takataka ya namna hiyo hutokea mtu akiinua mkonga wa simu nyingine kwenye laini hiyo hiyo na kuanza kuongea. Nikamwambia kwetu simu ni moja tu, iko saluni, na baba yangu ana mikono mfukoni. Akanitazama juu ya hiyo miwani yake.

Bosi amebakiza jaribio moja. Moja tu, baba. Likikatika, modemu inarudi na mimi nabaki. Nisaidie kufikiri: saa kumi kuna nini huko?

Binti yako


6 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Mimi mzima.

Saa kumi ni saa kama saa nyingine.

Hilo jaribio la mwisho mwambie Bosi alisogeze mbele kidogo. Saluni ina kazi nyingi.

Baba yako


27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimesubiri barua nyingine, haikuja. Nimepiga simu mara mbili, na mara zote umesema una mteja. Mara ya pili nilisikia kabisa kwamba redio ndiyo iliyokuwa ikiongea, na hakuna mtu anayenyoa redio.

Mistari yako mitatu ya mara ya mwisho imeninyima usingizi. Wewe hujawahi kuniandikia mistari mitatu. Hata telegramu zako zilikuwa na hadithi. Unaumwa? Au hutaki nirudi? Kama hutaki niambie, nitaumia lakini nitaelewa. Mtu akishazoea nyumba yake peke yake, kuingiliwa si jambo dogo.

Miwani amezipima tena kumbukumbu zake. Anasema tatizo si hiyo saa kumi peke yake. Tangu mwanzo kabisa kasi ya laini yetu ilikuwa nusu ya inavyotakiwa, ndiyo maana kitabu cha jokofu kilichukua muda mrefu hivyo. Anaamini kuna waya wa ziada umening'inia kwenye laini, unaokwenda mahali pengine. Kwa maongezi haudhuru kitu. Kwa modemu za kasi, mlio unaingia kwenye waya huo, unagonga mwisho, unarudi na kuvuruga wenzake. Kwa hiyo haitoshi mtu asiinue simu. Waya wenyewe lazima ukatwe.

Baba, huo waya unakwenda wapi?

Nijibu ukweli. Mimi ni mtoto wako, si fundi wa kampuni ya simu.

Binti yako mwenye wasiwasi


6 Mei

Binti yangu mpenzi,

Marahaba. Siumwi. Na anayesema sitaki urudi mwambie aje nimnyoe bila sabuni.

Nimepiga moyo konde. Kaa chini, zamu yako sasa.

Waya unapita juu ya dirisha la saluni, unaruka ukuta, unaingia kwa Mama Sindano.

Unakumbuka mwaka ule alipoteleza uani kwake akavunjika mguu? Alikaa pale chini akiita, na mimi huku na mashine ya kunyolea inanguruma sikusikia. Nilipokuja kujua nilijisikia vibaya sana. Ombi lake la simu lilikuwa kwenye kampuni tangu enzi na enzi, na bado lipo. Basi nikapitisha waya, nikamwekea ile simu nyekundu iliyokuwa stoo. Nikamwambia akipatwa na lolote ainue. Kampuni ya simu haijui, na wewe hujui kama kampuni haijui.

Akapona. Lakini simu ikabaki. Siku moja saa kumi nikainua nipige mahali, nikamkuta yeye naye ameinua. Tukacheka. Tukagundua kwamba tukizungusha namba moja, ule mlio wa laini unanyamaza, na tunaweza kuongea sisi kwa sisi, yeye kule na mimi huku, bila kumpigia mtu. Saa kumi yeye anasimamisha cherehani, mimi wateja wa jioni hawajaja. Tangu siku ile tunainua. Tunaongea vitu vya kipuuzi, mwanangu. Nani kaleta suruali amwongezee kiuno. Nani kaniomba nimfiche mvi. Mara nyingine hatuongei, namsikia tu akikata uzi kwa meno.

Sasa utauliza kwa nini sikumwambia asiinue siku ya jaribio. Nilijipa moyo kwamba mashine itamaliza kabla. Kumwambia asiinue ningelazimika kumweleza sababu. Sababu ni kwamba unarudi. Nikimwambia unarudi, angeuliza, je, binti yako anajua habari zetu? Na ningejibu nini? Nami kukuambia wewe niliogopa. Niliogopa utadhani mama yako nimemsahau. Sikumsahau, na Mama Sindano hajaniomba nimsahau.

Basi saa kumi akainua kama kawaida, akakuta mluzi. Akaita kwa nguvu, "Kinyozi! Kinyozi! Umeifanya nini simu?" Hizo alama za mshangao na maswali ulizoziona kwenye skrini ni yeye. Jumatano ya pili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alinijia juu kwamba ninaongea na mwanamke mwingine, tena mwenye sauti kali. Ilibidi nimwoneshe kisanduku. Alikikagua mbele na nyuma kabla hajaniamini. Hapo ndipo alipojua kila kitu, akanitazama, akarudi kwake, na kwa siku kadhaa saa kumi niliinua peke yangu.

Ndiyo sababu ya mistari mitatu. Nikikata waya, nimemkata yeye, na mguu wake ule si wa kuaminika. Nisipokata, nimekukata wewe. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, nimenyoa nalo. Nakupenda na nataka urudi. Na yeye nampenda. Nimekwisha kusema.

Baba yako


15 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi hadi mikunjo inataka kuchanika.

Sitakuficha, nililia kidogo. Nilimkumbuka mama, na nilimkumbuka Mama Sindano akinipima mabega kwa ile tepu yake ya baridi na kunikataza kukua kabla sare haijaisha. Halafu nikafika pale pa mwanamke mwenye sauti kali, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa hiyo muda wote huu mimi nakuhurumia kwa kula peke yako, kumbe kuna mtu anakukatia uzi sikioni! Kilichoniuma ni kimoja tu, kwamba ulidhani nitakasirika. Mimi? Baba, mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Nimekuona ukinisuka nywele kwa mikono ya kinyozi, unavuta mpaka machozi yananitoka, kwa sababu ulikataa niende shule nikiwa kama kichaka. Unastahili mtu wa kuongea naye saa kumi, na saa zote nyingine. Kama ulikuwa unangoja ruhusa yangu ndiyo umuoe, nimekupa, tena kwa maandishi.

Sasa kuhusu waya. Usiukate. Nimefikiri, na leo asubuhi nimemwambia Bosi kwamba laini yetu imeshindwa, tusipoteze jaribio la mwisho. Alipumua kwa nguvu. Mtakuja kuchukuliwa kompyuta mwishoni mwa mwezi ujao, itunzeni hadi siku hiyo. Mimi nitakuwa nakuja likizo kama zamani. Chumba changu hapa si kibaya. Nimenunua pazia, sasa silazimiki kuliona dirisha la mwenzangu.

Usijilaumu. Nimeamua mwenyewe, na sijuti. Najisemea sijuti. Nikishajisemea mara za kutosha nitaamini.

Mpe salamu zangu Mama Sindano. Sijui nimwite nani sasa.

Binti yako


9 Juni

Wewe mtoto,

Salamu ni zile zile, lakini leo nina hasira, kwa hiyo zipokee hivyo hivyo.

Nani alikupa ruhusa ya kukata tamaa kwa niaba yangu? Unajua nimekaa kimya wiki zote hizi kwa nini? Nilikuwa na shughuli. Tena hazikuwa za kunyoa redio.

Barua yako ilipofika nilikuwa namnyoa mwalimu mstaafu ndevu. Mama Sindano alikuwa amekuja kuleta mashuka ya saluni aliyonishonea, tumeshapatana wakati huo. Nikamwomba anisomee, mikono yangu ilikuwa na sabuni. Akaisoma yote, kwa sauti, pamoja na lile la kukusuka. Alipomaliza akavua miwani akaifuta.

Akasema, "Huyu binti ana akili kuliko wewe, lakini nyote wawili ugonjwa wenu ni mmoja. Kila mtu anamkatia mwenzake shauri kimoyomoyo." Kisha akaniuliza, "Huo waya unatoka wapi kwenda wapi?"

Nikasema, "Kwangu kwenda kwako."

"Na mimi nikiwa kwako, waya utakuwa na kazi gani?"

Mwanangu, nilikuwa na wembe mkononi, na wembe ulikuwa kwenye koo la mwalimu. Mwalimu alifumbua jicho moja, akasema polepole, bila kutikisa shingo, "Jibu swali la watu. Lakini kwanza ondoa wembe."

Nikaondoa wembe, nikajibu.

Tumefunga ndoa Jumamosi iliyopita. Tulikuwa watu wachache, mwalimu ndiye shahidi, na shingo yake nzima kabisa. Shangwe na chakula tumeviahirisha hadi wewe ufike, maana Mama Sindano kasema hawezi kula harusi yake mtoto hayupo. Nyumba yake ameipangisha kwa mke na mume wenye watoto mapacha. Cherehani iko sebuleni kwangu, karibu na dirisha. Nyuzi zipo kila mahali, hata kwenye sabuni.

Waya aliukata mwenyewe. Nilitaka kutafuta koleo, akaniambia niache, akapanda kigoda na mguu wake ule, mimi nimemshika kiuno, akaukata kwa mkasi wake mkubwa wa vitambaa ambao hata karatasi hairuhusiwi kuukaribia. Simu nyekundu imerudi stoo. Saa kumi sasa anasimamisha cherehani, ananiita jina langu, naenda.

Juzi nilimpigia Bosi wako. Ndiyo, mimi. Nilimwambia laini haijashindwa, ilikuwa na watu wengi tu. Akapumua kwa nguvu. Nikamweleza habari yote, tangu kuvunjika mguu hadi wembe. Nikasikia akifungua kalenda. Kisha akasema, "Jumatano, saa tisa." Kwa hiyo Jumatano keti kwenye hiyo kompyuta yako upige, na usituletee habari za pazia.

Baba yako

Nami ni Mama Sindano, naongeza hapa chini kwa mkono wangu. Mwanangu, njoo. Niite unavyotaka, nitaitika.


17 Juni

Baba, mama,

Shikamooni.

Hii haikuja kwa posta. Inapita sasa hivi kwenye waya, na mtaisoma kwenye kioo cha kompyuta pembeni ya kioo cha kunyolea. Baba, bonyeza kile kitufe chenye mshale uone sehemu ya chini. Safari hii nimekuruhusu kubonyeza.

Jumatano nilipiga saa tisa. Mlisikia mluzi, nasi tuliusikia. Visanduku vilisalimiana kwa muda mfupi, na Miwani akaruka kutoka kwenye kiti, kwa sababu namba ya kasi iliyotokea ilikuwa elfu ishirini na nane na mia nane, yote, kamili, haijapungua hata moja. Hatukuwahi kuiona isipokuwa kwenye kitabu cha maelekezo, na mimi ndiye niliyekitafsiri, nikidhani wametia chumvi. Jokofu lote lilipita. Milango, mifereji ya barafu, mchoro wa nyuma wenye mishale kila upande. Bosi alisimama nyuma yangu kutoka mwanzo hadi mwisho akiwa ameshika kikombe na hakunywa. Kitabu kilikwisha kuingia kwenu na saa kumi ilikuwa bado iko mbali.

Miwani akaiagiza kompyuta yenu ikirudishe, na Bosi alikisoma chote kile kilichorudi kutoka kwenu, akitafuta herufi iliyopinda. Hakuipata. Akaniambia, "Mshukuru fundi cherehani," akaenda ofisini kwake. Aliporudi alikuwa ameleta ruhusa yangu, imetiwa sahihi. Kisha nilijificha chooni nikalia, na kilio hiki sikukionea aibu.

Saa kumi nilipiga tena niwape habari kwa mdomo, nikiwa nimesahau kwamba modemu imewashwa. Ikanipokea yenyewe na kunipigia mluzi sikioni. Nilijikuta nasema, "Hujambo." Kwa hiyo baba, sitakucheka tena.

Mama, barua zote za nyuma nimekuita Mama Sindano. Leo mwanzo wa barua niliandika neno moja, nikalifuta, nikaliandika, nikalifuta tena. Niliogopa namnyang'anya mtu kitu. Mara ya tatu nikaliacha, nikaona halikumwondoa yeyote. Pale nilipolala kwa miaka tisa ya kwanza bado pana joto la mama aliyenizaa. Na mabega yangu bado unayajua wewe.

Nimeshafunga vitu. Pazia nimemwachia mwenzangu wa dirisha la pili. Nafika Jumapili asubuhi na mizigo mingi, kiti changu kikiwemo, maana sikuamini kile mtakachotafuta. Njooni kituoni wote wawili.

Binti yenu